Goti lililolia "pa!": maswali ya kila Jumatatu

Nilicheza soka la kulipwa mpaka goti likanistaafisha. Nikarudi darasani kusoma sayansi ya michezo, na sasa ni kocha wa viungo huku Bombo, Uganda. Mechi za mtaani huchezwa Jumapili. Simu yangu huanza kulia Jumatatu alfajiri.

Swali: Kocha, jana niligeuka ghafla kumkwepa beki, goti likalia "pa!" Usiku likavimba. Nimelikanda kwa maji moto na kulichua. Nimefanya vizuri?

Jibu: Hapana. Katikati ya goti kuna kano inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Goti likilia hivyo na kuvimba ndani ya saa chache, mara nyingi kano hiyo imekatika, na kilichojaa humo ni damu. Maji moto hupanua mishipa, uvimbe ukazidi. Kuchua nako vivyo hivyo. Siku tatu za kwanza tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku. Funga bandeji isiyobana sana, inua mguu juu ya mto. Pombe pia iache, hata ile waragi ya kusahau mabao mliyofungwa.

Swali: Na maji ya uvuguvugu?

Jibu: Nimesema hapana.

Swali: Lakini natembea vizuri. Si limepona?

Jibu: Hapa ndipo ninapochoka. Kutembea moja kwa moja hakuihitaji sana kano hiyo. Kugeuka na kuruka ndiko kunakoihitaji. Wiki ya tatu uvimbe umeshuka, umevaa viatu, umeingia uwanjani. Goti linachomoka tena, na safari hii linasaga gegedu, yale matandiko yaliyo kati ya mifupa. Kano iliyokatika daktari anaweza kuitengeneza upya. Gegedu lililosagika halirudi kama lilivyokuwa. Kwa hiyo nenda hospitali wiki hiyo hiyo, hata kama unatembea. Narudia: hata kama unatembea. Ukishindwa kupiga hatua nne, goti likikwama, au unyayo ukiwa wa baridi ama umekufa ganzi, usingoje kuche.

Swali: Nimepiga eksirei, nikaambiwa mifupa ni mizima.

Jibu: Mifupa, ndiyo. Kano haionekani kwenye eksirei. Daktari wa mifupa mwenye uzoefu hulivuta goti kwa mikono yake tu na kugundua mengi. Picha ya MRI ndiyo huionyesha kano yenyewe. Najua ni ghali. Anza na ile mikono.

Swali: Kijijini kwetu kuna muyunzi hodari wa kuunga mifupa.

Jibu: Simdharau mtu. Ila kano iliyokatika ndani ya goti haiungwi kwa kuvutwa wala kwa majani.

Swali: Kocha wetu hutugawia diclofenac, vile vidonge vya kutuliza maumivu, kabla ya mechi.

Jibu: Mwambieni aache. Dawa hiyo haitibu kano, inakunyima habari tu. Kuimeza kila wiki tumbo likiwa tupu, halafu kutoka jasho kwenye jua la saa kumi, ni kujitafutia vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Mimi nilichomwa sindano ya maumivu wakati wa mapumziko nikamaliza dakika 90. Tulishinda. Jina la timu silitaji, lakini baada ya mechi ile sikucheza tena msimu mzima.

Swali: Nilifanyiwa upasuaji wa kano miezi mitano iliyopita, sisikii maumivu. Nianze mechi?

Jibu: Bado. Angalau miezi 9, na hata hapo paja la mguu uliopasuliwa lipimwe kwanza, nguvu zake zikaribiane na za jingine. Ronaldo wa Brazil aliumia kano ya chini ya pia ya goti Novemba 1999 akiwa Inter. Akarudi Aprili 2000 dhidi ya Lazio, na dakika chache baada ya kuingia kano ikakatika kabisa. Kano yake ilikuwa nyingine. Miezi ilikuwa mitano hiyo hiyo. Na yeye alikuwa na madaktari wa Ulaya.

Swali: Tujikinge vipi?

Jibu: Kuzunguka uwanja mara mbili mkipiga soga si kupasha mwili. FIFA ina mazoezi yanayoitwa 11+, dakika 20 hivi: kukimbia, nguvu za mapaja na kiuno, kusimama mguu mmoja, kutua vizuri baada ya kuruka. Fanyeni angalau mara mbili kwa wiki. Hayahitaji jimu. Timu za wasichana zisiyaruke kabisa, maana kano ile ya katikati ya goti huwakatika wao zaidi.

Swali: Mimi nimeshastaafu, goti linanichomoka miaka mingi. Nimechelewa?

Jibu: Kwa gegedu, pengine. Kwa misuli ya paja, hapana. Kaa kwenye kiti, simama polepole bila kujishika, mara kumi. Pumzika, rudia mizunguko miwili. Siku moja fanya, inayofuata pumzika. Punguza uzito. Mechi ya maveterani iache mpaka daktari aliangalie hilo goti, na Jumatatu usinipigie kuniambia umelikanda kwanza kwa maji moto.