Kabla hujadai mtungi umepunjwa, pigia hesabu maji unayochemsha

Malalamiko kuhusu mitungi ya gesi ya kupikia yanazidi kutufikia sisi wakaguzi wa vipimo, na mengi ni yale yale: mtungi wa kilo 6 haukufika mwezi. Wapunjaji wapo, wala hatuwatetei. Lakini mlalamikaji akiulizwa gesi imefanya kazi gani, anataja mboga na chai. Maji ya kunywa na ya kuoga hayataji kabisa, na hayo ndiyo yanayokula gesi.

Joto mahususi la maji, yaani joto linalohitajika kupandisha kilo moja (lita moja) kwa nyuzijoto moja ya Selsiasi, ni takriban kilojuli 4.2; kilojuli ni kipimo cha joto. Zidisha uzito wa maji kwa 4.2, kisha kwa nyuzijoto unazopandisha. Ndoo ya lita 20 iliyo kwenye nyuzijoto 25, ukiifikisha 100, ni 20 × 4.2 × 75, sawa na kilojuli 6,300, yaani megajuli 6.3.

Kilo moja ya gesi hutoa kama megajuli 46. Hapa ndipo watu hugawanya 6.3 kwa 46, wakapata gramu 137, wakaja na karatasi mkononi. Jamani, jiko halipeleki joto lote kwenye maji! Sehemu kubwa hupita ubavuni mwa sufuria na kupotelea hewani. Tukikadiria kwamba jiko la gesi linafikisha asilimia 55, kilo moja inakupa megajuli 25 tu, na ndoo yako imekula gramu 250. Mtungi wa kilo 6 uliojazwa sawasawa utachemsha ndoo 24. Anayechemsha ndoo kila siku hatafika mwezi, hata asipopika chochote.

Kwa mkaa, wenye takriban megajuli 29 kwa kilo, jiko la ufanisi wa asilimia 25 litataka karibu gramu 870 kwa ndoo hiyo hiyo. Kuni kavu kwenye mafiga matatu, zaidi ya kilo 2 na nusu. Kuni mbichi zinatumia moto wake kujikausha zenyewe kwanza.

Kuna dhana moja inayochosha: kwamba maji yanayotokota yakiongezewa moto yanazidi kuwa moto. Hayazidi. Yanageuka mvuke tu, na kila lita inayopaa inaondoka na megajuli 2.26. Acha ndoo itokote hadi lita 2 zipungue, umetumia megajuli 4.5 za ziada, karibu robo tatu ya joto lililoifikisha kuchemka. Maji ya kunywa yakishatokota kwa nguvu dakika 1 yanatosha. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Funika sufuria.

Ya kuoga hayahitaji kuchemka. Lita 20 kutoka nyuzijoto 25 hadi 40 zinataka megajuli 1.26, sehemu moja ya tano ya zile za kuchemsha. Ukipenda, chemsha lita 4 tu uzichanganye na 16 za baridi. Utapata nyuzijoto 40 zile zile.

Ikiwa baada ya hesabu hii bado una shaka, pima mtungi siku ile ile ya kununua, mbele ya muuzaji, muhuri ukiwa haujakatwa. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chenyewe, kwa kawaida kwenye ukosi unaozunguka valvu. Sugua rangi kama hausomeki. Ukisoma 7.2, mtungi wa kilo 6 uonyeshe 13.2 kwenye mizani, ukiacha tofauti ndogo inayoruhusiwa na kanuni za mahali ulipo. Ukipungua zaidi ya hapo, usiufungue. Ulete pamoja na risiti, namba ya mtungi na tarehe. Sisi tutaupima upya kwa mizani iliyohakikiwa, tutajaza fomu ya ukaguzi, na muuzaji atatakiwa kutia saini. Kwa kawaida mitungi mingine ya shehena hiyo hupimwa pia, na mizani yake ikionekana imechezewa hushikiliwa kama kielelezo. Akipatikana na hatia hukabiliwa na faini, na akirudia kosa leseni yake huingia hatarini. Mtungi uliokwisha kutumika, hata ukiletwa siku ya pili tu, hatuwezi kuufungulia shauri, kwa kuwa hakuna mizani inayoweza kusema ulikuwa na nini jana.