Je, wajua kwa nini tenzi za kale huhaririwa vyema zaidi na mshairi?

Abdilatif Abdalla, malenga wa Mombasa aliyezaliwa 1946, amekuwa mshairi, mhariri na mfasiri kwa wakati mmoja. Wengi tunamjua kwa Sauti ya Dhiki, diwani aliyoitunga kifungoni kati ya 1969 na 1972, akiandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Alifungwa kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Diwani ilitoka 1973, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimtia ndani!

Mwaka huo wa 1973, akiwa Dar es Salaam, ulitoka pia Utenzi wa Fumo Liyongo wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, ukiwa umehaririwa na Abdilatif. Kwa nini kazi hiyo imfae mshairi?

Tenzi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo zisipoongezewa alama hazitofautishi p na b, wala o na u. Kwa hiyo "toba" na "tupa" huweza kuandikwa sawasawa. Mhariri ataamuaje? Neno likiwa mwisho wa mshororo, hutazama wenzake: wakiishia kwa -ba, basi ni toba. Kila mshororo una mizani (silabi) nane. Katika kila ubeti, mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, yaani silabi ya mwisho inayofanana, na wa nne hurudia kina cha utenzi mzima, ambacho katika Liyongo ni -ya. Mizani ikipelea, kuna mahali pamesomwa vibaya. Abdilatif alikwisha kutoa utenzi wake mwenyewe juu ya Adamu na Hawaa mwaka 1971, kwa hiyo sikio lake lilishazoea kanuni hizo.

Tafsiri ilimdai kitu kingine. Wema Hawajazaliwa ni tafsiri yake ya riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, iliyojaa uvundo, kutu na rushwa. Humo hakuna vina vya kushika. Uzito wote uko katika kuchagua neno. Kwangu mimi, hapo ndipo ustadi wa malenga unapopimwa hasa, maana hana pa kujificha.

Ushairi peke yake haulishi familia. Alitangaza BBC London, akawa mhariri mkuu wa jarida la Africa Events, na kuanzia 1995 akafundisha Kiswahili Leipzig, Ujerumani.