Chupa nzito si mvinyo mzuri

Dukani utamwona mtu akipima chupa ya Malbec, mvinyo mwekundu, mkononi kama anayechagua papai. Ikiwa nzito, na kitako chake kimebonyea ndani kiasi cha kumeza kidole gumba, anaamini kapata mvinyo wa maana. Sivyo. Uzito ule ni wa kioo tu, na kioo hicho unakilipia wewe, pamoja na nauli yake kutoka Mendoza, magharibi mwa Argentina.

Wala bei nafuu ya huko si dalili ya ubovu. Mendoza ni nusu jangwa chini ya milima ya Andes. Mvua ni kama milimita 200 kwa mwaka, na mizabibu hunyweshwa kwa mifereji ya maji ya theluji iliyoyeyuka. Hewa kavu huzuia magonjwa ya ukungu, hivyo dawa za kupuliza hupungua, na gharama nazo. (Adui mkubwa wa wakulima ni mvua ya mawe.)

Soma lebo. Tafuta jina la mahali, mathalani Valle de Uco, bonde la huko Mendoza ambako mashamba mengi yako juu ya mita 1,000 na baridi ya usiku hutunza uchachu wa zabibu. Neno “Reserva” kwenye mvinyo mwekundu wa Argentina linahusu muda wa kukomaa, angalau miezi 12. Halisemi kwamba mtu ameuonja akausifu.

Mfuko ukibana, mimi huiacha Malbec na kuchukua Bonarda, mvinyo mwingine mwekundu wa huko. Haina jina kubwa, ndiyo maana bei yake imetulia, na haikwaruzi ulimi. Iweke kwenye friji dakika 20 kabla ya kumimina.