Upepo Umetulia, Miti Bado: dhana potofu kuhusu matembezi ya pwani baada ya dhoruba

Kila upepo mkali unapopita katika ukanda wa pwani ya Tanzania, watu waliojiandikisha kwa matembezi ya kundi huniuliza swali lile lile: "Kaka, upepo si umeshatulia? Basi kesho tunatembea." Nimelijibu kwa upole kiasi cha kutosha, na sasa nimeamua kuliandikia, ili anayetaka kubishana abishane na maandishi.

Dhana kwamba upepo ukitulia njia imekuwa salama ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, inazungumzia anga na bahari. Muda wa angalizo ukiisha, hakuna mahali iliposema kwamba miti imekaguliwa. Mti uliotikiswa usiku kucha katika mchanga uliolowa si lazima uanguke usiku ule. Mizizi yake hukatika kidogo kidogo, shina hubaki wima kwa kushikiliwa na ile iliyosalia, kisha huweza kuanguka siku kadhaa baadaye, jua likiwaka na upepo ukiwa wa kawaida kabisa.

Mimi naihofia zaidi mivinje, ile miti mirefu yenye majani membamba kama sindano, kwa kuwa imepandwa kwa wingi ukingoni mwa fukwe, mahali ambapo mawimbi ya bamvua, siku zile maji yanapojaa kuliko kawaida, huuchimba mchanga na kuiacha mizizi ikining'inia hewani. Kabla ya kulipitisha kundi chini ya safu ya mivinje huinama kwanza nikaukagua mchanga upande ule upepo ulikotokea, ambao kwa upepo wa kusi ni upande wa kusini. Nikiona ufa mwembamba wa nusu duara, hatua moja au mbili kutoka kwenye shina, na majani makavu yametumbukia ndani yake, najua mti huo ulishanyanyuka na kurudi, na sihitaji ushauri wa mtu ili nibadilishe njia. Baada ya hapo ndipo hutazama juu, kutafuta matawi yaliyovunjika yakanaswa na mengine, kwa sababu tawi la namna hiyo likiachia halimpi mtu nafasi ya kukimbia. Kanuni yangu ni kusubiri siku mbili kamili baada ya upepo kutulia, na hata hapo watu wawili hutangulia kuikagua njia kabla ya kundi kuanza. Wanaolalamika kwamba nawapotezea wikiendi yao wamezoea kuihesabu njia ya miguu kama barabara ya lami.

Wengine husema kwamba mnazi hauanguki, kwa hiyo ndio mti wa kupumzikia. Nusu ya maneno hayo ni kweli, kwa kuwa mnazi una mizizi mingi myembamba na shina linalopinda bila kukatika, lakini kuti lililovunjika kwenye kikonyo huweza kuning'inia siku nyingi kabla ya kuanguka, na nazi pamoja na kumbi lake huweza kuzidi kilo moja. Chakula cha mchana kiliwe penye jua.

Gogo lililolala njiani nalo hudhaniwa limemaliza hatari yake. Shina lililokunjwa chini ya uzito wa mti mwingine limejikaza, na mwenye panga akilikata pasipofaa humrudia kwa nguvu. Mti uliong'oka ukikatwa shina, bonge la mizizi na udongo huweza kujirudisha ghafla shimoni, na shimo hilo ndilo ambalo watoto hulikimbilia kucheza. Katika kundi langu hakuna anayekata gogo. Tunalizunguka kwa mbali.

"Basi tuuache msitu, tupite ufukweni." Mawimbi yaliyozaliwa mbali huendelea kufika baada ya upepo wa hapa kukoma, na wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, kiasi kwamba kipande cha ufuko mlichokipita asubuhi kinaweza kutoweka kufikia alasiri. Penye magenge ya mawe ya matumbawe, kama yale ya visiwa vya Bongoyo na Mbudya karibu na Dar es Salaam, bahari imekula sehemu ya chini na kuacha ukingo unaoelea juu ya pengo, ambalo anayetembea juu ya ukingo huo halioni hata kidogo.

Kwamba vimbunga ni habari za Msumbiji na Madagaska, nitajibu kwa kifupi. Ni kweli kwamba ukaribu wetu na ikweta hutukinga kwa kiasi kikubwa, lakini kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, cha mwaka 1952 kiliipiga Lindi, na Hidaya ilifika Mafia mwezi Mei 2024. Isitoshe, mvinje uliochimbwa chini na bahari hausubiri kimbunga.

Imebaki dhana kwamba wingi wa watu ni usalama. Wingi husaidia kumbeba aliyeumia, lakini hauzuii tawi, na watu 20 waliosongamana chini ya mti mmoja ni afadhali wangekuwa wanne. Penye miti ya kutilia shaka tunapita mmoja mmoja, kwa kuachana na bila kusimama. Anayetaka kupigwa picha na mvinje ulioinama, kama wanavyotaka karibu wote, asimame mbali nao mara mbili ya urefu wake, na akiona picha haipendezi kwa umbali huo, aiache.