Je, wajua kwa nini mzizi ukigusa hewa hukoma, na mti ukanufaika?

Mwaka jana niliung'oa mche wa ndimu uliokuwa kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 ili niuhamishie ardhini. Ulikuwa umekaa humo miaka miwili, majani yamepauka na kurefuka umegoma. Udongo ulichomoka mzima, kama keki ikitoka kwenye sufuria, na pembeni yake mizizi ilikuwa imejiviringisha kama ngata ya kubebea ndoo kichwani. Nilipoupasua mviringo ule kwa kisu, katikati nilikuta udongo tu, mizizi ya kuhesabu. Lita 20 zote zile, na mti ulikuwa unaishi kwenye ganda la nje.

Pilipili niliyoipanda kwenye chungu cha kitambaa, kile cha kijivu kinene kama blanketi, ilikuwa tofauti kabisa. Hakukuwa na mzizi uliozunguka. Udongo wote, toka ukingoni hadi katikati, ulikuwa umeshikwa na mizizi myembamba kama ndevu za mahindi.

Tofauti hiyo inaanzia kwenye ncha. Mzizi hurefuka nchani tu, kwenye sehemu ya milimita chache ambako seli hugawanyika na kusukumana mbele. Mwisho kabisa kuna kikofia kinachotoa ute, ili mzizi upenye udongo bila kuchubuka. Nyuma kidogo ya ncha ndiko kwenye vinyweleo, kila kimoja ni seli moja iliyorefuka kama uzi, na hapo ndipo maji na virutubisho vingi hunyonywa. Sehemu ya nyuma zaidi, iliyokwisha komaa na kuwa kahawia, kazi yake kubwa ni kusafirisha na kuushikilia mti. Kwa hiyo shibe ya mti hutegemea sana wingi wa ncha. Mzizi uliozunguka ndoo mara tatu bila kutoa matawi ni mrefu, lakini ncha yake ni moja.

Na ncha hiyo, maadamu i hai, huzuia mizizi ya pembeni isichipuke karibu nayo. Ni habari ya homoni, yaani kemikali za mmea zinazoongoza ukuaji wake. Anayechuma mchicha analijua jambo hili kwa upande wa juu: ukikata kilele, machipukizi yanatoka ubavuni. Chini ya ardhi ni hivyo hivyo, ila hatuoni.

Ndani ya ndoo ya plastiki, ncha ikifika ukutani haipati dhara lolote. Ukuta ni laini, una unyevu na giza, basi inakata kona na kuendelea na safari. Kwenye kitambaa inaingia katikati ya nyuzi na kukutana na hewa kavu. Jani lina nta inayozuia maji yasitoke ovyo. Ncha ya mzizi haina kinga ya namna hiyo, kwa kuwa imeumbwa ipitishe maji. Inanyauka, inageuka kahawia, inakoma. Nyuma yake, kwenye tabaka la seli linalozunguka mishipa ya ndani ya mzizi, yanaanza machipukizi mapya ambayo hutoboa ngozi ya mzizi na kutokeza nje. Nayo yakifika ukingoni hukauka na kuzaa mengine. Hewa imefanya kazi ya mkasi.

Maarifa haya si ya kitambaa peke yake. Mtaalamu wa miti wa Marekani, Carl Whitcomb, aliotesha miche ndani ya maboksi ya maziwa yaliyotolewa kitako, yakiwa yamewekwa juu ya wavu, na mizizi ikajikata yenyewe ilipotokeza chini. Hata kwetu, vitalu vinavyopanga miche juu ya vichanja badala ya chini hupata faida hiyo hiyo. Kiriba kilichokaa chini hupenyeza mzizi ardhini, na siku ya kukiinua unaukata kwa nguvu. Ukinunua mche wa mwembe au mchungwa, uutazame chini kabla ya kulipa.

Sasa tuje kwenye kumwagilia kwa chini, maana hapa wengi tunajikwaa. Unaweka maji kwenye sinia, unakalisha chungu, na udongo unayavuta juu kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta. Udongo uliokauka sana, ambao maji ya juu huteleza tu na kutokea pembeni, hulowa vizuri kwa njia hii. Naipenda. Lakini sinia likiwa na maji muda wote, kitako cha chungu hakikauki kamwe. Ncha za chini hazikutani na hewa kavu; zinapenya kitambaa na kuning'inia majini. Ubavuni mizizi inakatwa, chini inatoroka.

Baya zaidi ni pumzi. Oksijeni hupenya ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani. Udongo wa kitako uliojaa maji siku zote hunyima mizizi pumzi, na kuoza hufuata. Kuna na mbu: yule wa dengi, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hupenda maji madogo yaliyotuama, na katika joto letu yai huwa mbu kwa siku saba hadi kumi. Kwa hiyo acha chungu kinywe nusu saa hivi, kisha mwaga kilichobaki.

Jambo jingine ni chumvi. Kitambaa hutoa jasho kama mtungi, ndiyo maana udongo wake haupati joto kali kama wa ndoo nyeusi juani, na ndiyo maana unakauka upesi na kudai maji mara nyingi zaidi. Maji yakipaa, chumvi inabaki. Anayetumia maji ya kisima cha pwani ataona utando mweupe wa chumvi juu ya udongo na ubavuni mwa kitambaa. Mara moja kwa mwezi mwagilia kwa juu, maji mengi, mpaka yatiririke chini yakiondoka nayo.

Mchicha wa wiki nne hauhitaji haya yote. Utauvuna kabla mizizi haijapata nafasi ya kuzunguka. Ni kwa ndimu, pilipili na nyanya ndipo inalipa.

Mimi sasa nimeinua chungu juu ya matofali mawili, na chini nimeweka ndoo ndogo yenye mfuniko uliotobolewa. Kipande cha fulana kuukuu kinatoka majini, kinapita kwenye tundu la mfuniko na kuingia kwenye mkato mdogo kitakoni. Pamba huoza baada ya miezi kadhaa, nakibadilisha. Mzizi mmoja au miwili hufuata utambi kuelekea ndooni, naikata. Kwingineko kote kitako kinapigwa na upepo. Nikiinama kuchungulia naona ncha za kahawia zimechomoza kidogo kwenye kitambaa, kama nyuzi zilizokatwa, na nikiufukua udongo nusu kidole kutoka hapo nakuta mizizi myeupe imetoka mitatu, minne pamoja.