Kichwa kinakumbuka, mwili umesahau: maswali na majibu kuhusu kurudia dawa za kulevya, pombe na kuzidisha dozi

Kigoma mtu akisikia neno "teja", yaani mraibu wa dawa za kulevya, anawaza Dar es Salaam au Tanga. Lakini mateja wana kwao, na wengine kwao ni Ujiji, Gungu na Kasulu. Familia huwarudisha nyumbani "wakapumzike". Wapo pia ambao unga, yaani heroini, hawaujui kabisa ila gongo imewamaliza. Maswali haya ni ya aina ambayo huulizwa kwa sauti ya chini, mgonjwa akiwa ametoka nje kidogo.

Kijana wetu alikuwa anakula unga mjini. Tumemleta Ujiji, huu mwezi wa tatu hajagusa. Amenenepa, anakula ugali na mgebuka kama zamani. Sasa anataka kurudi Dar. Hatari si imekwisha?

Hapana, mama. Kwa upande mmoja imeongezeka.

Mtu akitumia heroini kila siku, mwili unaizoea. Kete moja, kile kipakiti kidogo cha unga, iliyomlevya mwanzoni haimfanyi kitu tena, anapanda hadi mbili, tatu, na bado anatembea. Akiacha, mazoea hayo hushuka haraka. Wiki chache tu zinatosha. Mfikirie mchukuzi wa mizigo pale Kibirizi aliyezoea kubeba gunia zima. Ameugua, amelala kitandani miezi mitatu. Siku anaamka ukimtwika gunia lile lile ataanguka nalo. Kichwa kinakumbuka uzito aliokuwa akibeba, mgongo umeshausahau.

Ndivyo ilivyo kwa kijana wako. Akishuka Dar na kukutana na wenzake wa kijiweni, atapima kwa kumbukumbu: "mimi nilikuwa mtu wa kete tatu." Mwili alionao leo ni wa mtu ambaye hajawahi kutumia, au karibu na hapo. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulifuatilia watu waliotoka gerezani. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa zaidi ya mara 100 ya wananchi wengine. Gerezani walikuwa "wamepumzika" pia.

Kwetu kuna mapumziko ambayo watu hawayahesabu: kulazwa hospitali, safari ndefu, soba hausi (nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha), na mwezi wa Ramadhani. Mtu anafunga siku 29 au 30 bila kugusa, kisha Idi mosi usiku anarudi kwenye kipimo cha Shaabani.

Kuzidisha dozi ni nini hasa? Mtu anakufa na nini?

Anakufa kwa kukosa pumzi. Heroini, na dawa za jamii yake kama mofini na tramado, hulegeza ile sehemu ya ubongo inayoamuru kifua kipumue hata ukiwa usingizini. Pumzi zinapungua, zinakuwa nane kwa dakika, tano, halafu zinasimama. Moyo nao hufuata.

Mara nyingi mambo haya hayaendi kwa kishindo. Kijana kalala kwenye mkeka sebuleni, anakoroma. Mwenye nyumba anapita, anasema "mwacheni, leo kachoka." Kukoroma kule si kwa kawaida, kuna mlio wa maji ndani yake, kama mtu anayezama. Asubuhi anakutwa wa baridi.

Kwa hiyo ukisikia mkoromo wa namna hiyo, mwamshe. Mwite jina kwa nguvu, msugue kwa vifundo vya ngumi katikati ya kifua. Asipoamka, tazama macho: mboni zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Tazama midomo na kucha: kwa ngozi zetu rangi ya bluu haionekani vizuri, utaona kijivu cha majivu. Hapo ndugu, usisubiri.

Tufanye nini kabla ya kufika hospitali? Wengine wanasema apewe maziwa.

Asipewe maziwa wala maji ya chumvi, na asitapishwe, kwa sababu mtu asiyejitambua akimeza kitu kinaingia kwenye mapafu. Kummwagia ndoo ya maji hakusaidii, na kumtembeza uani huku mmemshika makwapa ni kupoteza dakika.

Anachohitaji ni hewa. Mlaze chali, inua kidevu kichwa kiende nyuma, toa kilichomo mdomoni, bana pua, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde tano, huku ukiona kifua kinainuka. Kama moyo umesimama, bonyeza kifua kwa nguvu na haraka. Wakati huo mwingine atafute usafiri. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, ili akitapika asipaliwe. Wanaotoka vijiji vya kando ya ziwa wajue kwamba kazi hii inaendelea ndani ya boti mpaka mfike. Pumzi zako zinaweza kumfikisha hospitali ya Maweni akiwa hai.

Hospitalini ipo dawa iitwayo naloksoni inayoondoa nguvu ya heroini ndani ya dakika chache. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri hata ndugu na marafiki wa watumiaji waipate na wafundishwe kuitumia, hivyo uliza kituo chako kama inapatikana. Ila huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, na heroini inaweza kuwa bado imo mwilini. Akizinduka akasema "niko poa, naenda", mzuieni.

Na mwambieni daktari ukweli. "Alianguka tu" inamfanya atafute malaria.

Mimi ni mvuvi wa dagaa. Nakunywa gongo kila siku, asubuhi nisipopata mikono inatetemeka. Nimeapa kuacha mara moja. Kuna ubaya?

Nia ni njema, kaka, ila namna ya kuacha ina hatari yake. Watu wengi wanashangaa kusikia hili: arosto, yaani mateso ya mwili unapokikosa ulichozoea, ya unga inatesa vibaya lakini kwa kawaida haiui, ya pombe inaweza kuua.

Kutetemeka asubuhi ni dalili kwamba ubongo wako umeshajipanga kufanya kazi na pombe ndani. Ukiikata ghafla, saa sita hadi 24 za mwanzo huja jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na kutapika. Degedege huweza kuja ndani ya saa 48. Siku ya pili hadi ya nne wengine huweweseka, wanaona wadudu na watu wasiokuwepo, na nyumbani watasema karogwa. Sasa jiulize: degedege ikikupata usiku, karabai zinawaka, uko katikati ya Tanganyika?

Ushauri wangu, subiri mbalamwezi. Siku zile dagaa hawafuati taa na kambi inapumzika, nenda hospitali ukiwa na mtu wako, uwaambie unakunywa kiasi gani na lini ulikunywa mwisho. Kuna dawa za kutuliza mwili na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Baada ya siku tano hadi saba sehemu mbaya huwa imepita. Kwa bahati mbaya mbalamwezi ndiyo wakati ambao wenzako wanakunywa zaidi, hilo lipange mapema.

Na pombe yenyewe, inaweza kuzidi ikaua?

Ndiyo. Mlevi asiyeamka, mwili umepoa, anapumua chini ya mara nane kwa dakika au anakaa zaidi ya sekunde kumi bila kuvuta pumzi, huyo ni wa hospitali. Kahawa haimtoi. Pombe iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya kuacha kunywa, kwa hiyo "atalala, itamtoka" ni kamari. Tena gongo haina kipimo, ya jana na ya leo hazilingani. Mtu akilalamika siku ya pili kwamba anaona ukungu, huenda alikunywa yenye methanoli, aina ya pombe iliyo sumu. Awahi siku hiyo hiyo, macho yanaweza kwenda moja kwa moja.

Pombe juu ya unga, au juu ya vidonge vya usingizi, ni mbaya kuliko kila kimoja peke yake, maana vyote vinapunguza pumzi. Naloksoni nayo haiondoi pombe wala vidonge hivyo.

Tulimlipia soba hausi, akatoka, akarudia. Pesa imepotea?

Kati ya wanaotibiwa uraibu, asilimia 40 hadi 60 hurudia kwa wakati fulani. Presha na pumu nazo ni hivyo hivyo: mgonjwa anaacha masharti, hali inarudi, na hakuna anayemfukuza nyumbani mgonjwa wa presha.

Kurudia huanza kabla ya kete. Ameacha kupokea simu za wenzake wa kupata nafuu, halali, ana hasira, kapata pesa ya ghafla, kaonekana tena kijiwe kile. Ukiyaona hayo, kaa naye siku hiyo hiyo. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupigwa bure.

Uliza pia kuhusu methadoni, dawa ya hospitali inayotolewa badala ya heroini. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Hunywewa kila siku kliniki, nayo hupunguza sana vifo. Kwa hiyo kabla ya kumkatia mtu tiketi ya kuja Kigoma "apumzike", hakikisha humtoi kwenye methadoni bila mpango wa kuendelea nayo. Aliyeikosa siku kadhaa asirudie kipimo chake cha zamani bila kliniki kumpima upya.

Tumwambie nini siku anapanda treni kurudi Dar?

Kwamba mnampenda, na kwamba akishindwa apige simu. Kisha lile ambalo wazazi wengi hawataki kulitamka, wakidhani ni kumpa ruhusa: "Ikitokea umerudia, usiguse kile kipimo chako cha zamani, usichanganye na pombe, usiwe peke yako, na mlango usiufunge kwa komeo."