Nai imepasuka? Hiyo chupa ya mafuta iweke kando kwanza

Wiki hii nimeletewa nai tatu, hizi filimbi za tete, nizitengeneze, mbili zina ufa na zote mbili zishatiwa mafuta. Yaani mtu akiona ufa tu mbio kwenye mafuta kama anamkanda mgonjwa. Jamani gundi haishiki penye mafuta! Sasa inabidi nifute kwa spiriti, niiache siku mbili tatu, nifute tena, ndo nianze kazi.

Nai ni bua la tete tu, pingili tisa, matundu sita mbele na moja nyuma la kidole gumba. Nje ganda gumu, ndani laini linafyonza pumzi yako. Basi umekaa ukumbi wa hoteli, AC imewashwa mpaka mwisho, nje bua linakauka na ndani unalipulizia mvuke saa nzima, ndani linavimba nje linasinyaa, halafu ta! Mie yangu ya dukah, yaani ya sauti ya re, ilinifanyia hivyo katikati ya harusi, nkamaliza nyimbo nimeubana ufa kwa kidole cha mwisho na sauti kama birika linachemka.

Kujua kama inavuja, matundu yabandike selotepu, chini ziba kwa kiganja, fyonza juu. Ikikung'ang'ania midomo, nzima. Ikiingiza upepo na ufa huuoni, paka poda ya mtoto halafu futa, utabaki mstari mweupe, ndo hapo hapo.

Gundi iwe supagluu ile ya majimaji, ya jeli haifai, tone linakimbia lenyewe ndani ya ufa na usiupanue kwa kisu tafadhali. Ikikauka ndo unafunga uzi wa nyavu, na hapa wengi wanaharibu kwa kupiga fundo, fundo linalegea. Fanya kama mvuvi anavyofunga ndoana: kunja kitanzi ukilaze juu ya bua, zungushia uzi juu yake mara kumi na mbili hivi, mizunguko ibanane, ncha ya mwisho ipitishe kwenye kitanzi, halafu vuta ile ya mwanzo mpaka kitanzi kizame chini na ncha yake. Kata zinazobaki. Usipite juu ya tundu lakini, nshaona mtu kafanya.

Mafuta ni ya nai isiyo na ufa. Ya lozi, matone machache kwenye kitambaa, pitisha ndani, iache ilale hivyo, asubuhi futa. Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani mie siyataki, maji hayaishi yote humo, yanachacha, na mdomo wako uko hapo hapo. Masika shida ni ukungu tu, ifute ndani ukimaliza kupiga na uifunge kwenye kanga kuukuu, sio mfuko wa plastiki.

Ile ya tatu haina ufa, imebunguliwa na wadudu, ukiigonga mezani unga unamwagika. Mwenyewe aje aichukue.